Dada wa Dirishani: Mkeka, Odi na Lumbesa ya Kampuni

Kwa miaka minne, 2019 hadi 2023, nilikaa nyuma ya dirisha la duka la kubeti hapa Dodoma, hatua chache kutoka Soko la Majengo. Kazi ilikuwa kupokea dau, kuchapa tiketi na kulipa walioshinda. Lakini muda mwingi uliishia kwenye kufafanua maneno, maana mtu alikuwa anaweza kunikabidhi elfu kumi yake bila kujua alichoandika kina maana gani. Siku hizi natunza hesabu za kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo, na maswali ya dirishani yamenifuata huko huko. Haya ndiyo ya mwezi huu.

*Dada, nimefua suruali ya mwanangu wa pili nikakuta karatasi ndefu mfukoni. Haikulowa yote. Kuna majina ya timu, halafu 1X, halafu 1, halafu GG, halafu Ova 2.5. Chini kabisa imeandikwa Dau 1,000, Ushindi 5,733. Ile X nikadhani ni ya kukosa, kama ya mwalimu kwenye daftari. Nikimuuliza anasema "mama, huwezi kuelewa." Nataka kuelewa.*
Mama wa Chang'ombe, Dodoma

Shikamoo mama. Utaelewa, tena kabla maharage hayajaiva.

Tuanze na hiyo X iliyokuchanganya. X ni sare, hakuna aliyekosa. Kwenye tiketi timu iliyoandikwa kwanza ndiyo mwenyeji, alama yake ni 1. Mgeni ni 2. Dodoma Jiji wakicheza Jamhuri wao ni 1. Wakiwafuata Simba au Yanga Dar es Salaam wao ni 2, hata kama moyoni mwako ni wa kwanza siku zote. Dirishani hakuna anayesema "nadhani mwenyeji atashinda." Anasema "nipe moja."

1X ni alama mbili kwa mpigo: mwenyeji ashinde au itoke sare, vyote sawa. Vijana wanaita dabo chansi. Yupo mwingine anayechukua 12, yaani yeyote ashinde, ila wasitoke sare. GG maana yake kila timu ipate angalau goli moja. Moja kwa moja, yaani 1–1, inatosha. Nne bila haitoshi, hata kama mpira ulikuwa mtamu namna gani. Kinyume chake ni NG. Ova 2.5 ni magoli ya timu zote mbili yakijumlishwa yawe matatu au zaidi, na yakiishia mawili au chini, aliyechukua Anda 2.5 ndiye anayecheka. Hakuna goli la nusu, mama. Hiyo nusu imewekwa ili kusiwe na mahali pa kubishania katikati.

Sasa tazama namba ndogo pembeni ya kila mechi. Hizo ndizo odi. Hukunitajia, lakini tiketi ya namna hiyo ikifika 5,733, odi zake zinaweza kuwa 1.40, 1.30, 1.75 na 1.80. Chukua 1.40 zidisha kwa 1.30, unapata 1.82. Zidisha kwa 1.75, halafu kwa 1.80, unapata 5.733. Zidisha kwa dau la 1,000. Na hapa hata vijana wenyewe wanateleza: hiyo 5,733 yote si faida. Elfu yake mwenyewe imo ndani. Faida ni 4,733, na kabla ya kodi.

Tiketi yenye mechi nyingi zilizofungwa pamoja inaitwa mkeka. Mechi iliyokubali "imetiki." Moja ikikataa, mkeka mzima umechanika, hata kama nyingine zote zimetiki. Neno hili limenikera tangu siku ya kwanza. Bibi yangu Kondoa alisuka mikeka ya kweli, na chane moja ikikatika alichomeka nyingine akaendelea kusuka na kupiga soga. Sijawahi kuona mkeka wa bibi uliotupwa kwa sababu ya chane moja. Huu wa dirishani ndio unaotupwa, tena sakafuni mwetu, na mimi ndiye niliyekuwa nafagia.

Kama mwanao hajafikisha miaka 18 sheria haimruhusu kabisa, na duka lililompokea lina kosa. Kama ameshafikisha, kausha hiyo karatasi, msubiri mezani, kisha muulize taratibu: "Hivi ile GG ya mechi ya tatu ilitiki?" Nipigie picha uso wake.

*Kijiweni kwetu kuna ubishi haujaisha toka 2023. Fainali ya Shirikisho, Yanga na USM Alger, mechi ya marudiano kule Algiers. Mimi niliweka Yanga, mwenzangu naye kaweka Yanga. Yeye kalipwa, mimi nimekosa. Mechi moja, timu moja! Nimeibiwa au sijaibiwa?*
Bodaboda wa Kizota

Hujaibiwa, kaka. Mlijibu maswali mawili tofauti.

Kumbuka ilivyokuwa. Mei 28 Yanga walifungwa 2–1 kwa Mkapa. Juni 3 wakaenda Algiers wakashinda 1–0. Jumla ikawa 2–2, na USM Alger wakabeba kombe kwa sababu walikuwa na magoli mawili ya ugenini. Mwenzako aliweka "2", yaani mgeni ashinde mechi ile ya usiku ule. Yanga walishinda, akalipwa, haki yake. Wewe, bila shaka yoyote, ulibonyeza palipoandikwa bingwa, au mshindi wa kombe. Kombe lilibaki Algeria. Kwa hiyo usiku mmoja timu yako ilishinda mechi na kupoteza ubingwa, na kila kimoja kina dirisha lake la odi.

Hili ndilo lililoleta ugomvi mkubwa kuliko yote niliyoyaona kazini. Maneno 1, X, 2, GG, ova, matokeo kamili, yote yanahesabu dakika 90 pamoja na zile za majeruhi anazoongeza mwamuzi. Dakika 30 za nyongeza hazimo. Penalti za kuamua mshindi hazimo. Ukitaka hizo ziingie lazima uchague panaposema kufuzu au kubeba kombe.

Desemba 18, 2022, fainali ya Kombe la Dunia Qatar, Argentina na Ufaransa. Kesho yake asubuhi nilimkuta mzee mmoja kakaa kwenye ngazi za duka kabla sijafungua. Tiketi yake ilisema matokeo kamili 3–3. Odi yenyewe ilikuwa ndefu kama barabara ya Singida. Alikuwa ameoga, kavaa kanzu safi, kaja na mfuko wa kubebea hela. Mpira ulikuwa umeisha 3–3 kweli, dunia nzima iliona, kisha Argentina wakashinda penalti 4–2. Lakini dakika 90 ziliishia 2–2. Goli la tatu la kila upande lilikuja kwenye muda wa nyongeza. Nilimweleza mara tatu. Mara ya nne akaniambia, "Binti yangu, wewe hukuangalia mpira."

Kwa mechi hiyo hiyo, aliyeweka X alilipwa. Aliyeweka Argentina "1" alikosa huku Messi kashika kombe mkononi. Aliyeweka Ova 2.5 alipata, maana 2–2 ni manne. Wa Ova 4.5 alikosa, ingawa magoli sita yaliingia nyavuni. Chukua mfano huu upeleke kijiweni, ubishi mwingine wa wiki nzima mtakuwa mmepata.

*Mimi nanunua na kuuza mahindi soko la Kibaigwa. Vijana wangu wa kupakia wanashinda kwenye simu wanasema odi imeshuka, odi imepanda, kama wanaongelea gunia. Nani anazipanga hizi odi, na kwa nini zinacheza?*
Mfanyabiashara, Kibaigwa

Wewe ndiye mtu niliyekuwa namngoja, kwa sababu jibu lake lipo kwenye soko lako.

Odi ni bei, si utabiri. Watu wengi wanaisoma kama kauli ya mganga: "kampuni imempa Simba 1.30, maana yake Simba anashinda." Hapana. Kampuni ina watu na kompyuta zinazokadiria uwezekano, kisha inaweka bei. Bei inapanda na kushuka kama ya gunia lako: mshambuliaji kaumia, odi ya timu yake inapanda; watu wamemiminika kumnunua Yanga, odi ya Yanga inashuka ili kampuni isibebe mzigo wa upande mmoja.

Kuibadilisha odi iwe uwezekano ni rahisi: gawanya 100 kwa odi. Odi 2.00 ni asilimia 50. Odi 1.25 ni asilimia 80. Odi 4.00 ni asilimia 25.

Sasa njoo tupime gunia. Chukua mechi ambayo kampuni imeandika 1 kwa 2.10, X kwa 3.10, na 2 kwa 3.40. Gawanya: 100 kwa 2.10 ni 47.6. Kwa 3.10 ni 32.3. Kwa 3.40 ni 29.4. Jumlisha: 109.3.

Subiri. Mechi ina matokeo matatu tu, na lazima moja litokee. Uwezekano wote kwa pamoja ni 100, hauwezi kuwa 109. Hiyo 9.3 ya juu imetoka wapi?

Ni lumbesa. Unaijua kuliko mimi. Gunia limejaa, kisha juu yake kunashonwa kilemba cha mahindi, na mkulima analipwa gunia moja. Kampuni nayo inakulipa kwa gunia huku imejaza lumbesa. Ukigawanya 100 kwa 109.3 unapata 91.5. Maana yake kwa mechi kama hiyo, watu wote wakiwekwa pamoja kwa muda mrefu, kila shilingi 1,000 inayoingia dirishani inarudi kama 915. Kampuni haihitaji kuiba, haihitaji kujua nani atashinda. Inahitaji lumbesa na foleni.

Ndiyo maana nilipokuwa nasikia mtu anamlaumu refa kwa hasara ya mwaka mzima nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Refa hajui hata kama upo.

Waambie vijana wako wachukue mechi tatu za leo wapime lumbesa ya kila kampuni. Hazilingani. Ligi kubwa za Ulaya huwa na lumbesa ndogo kuliko zile mechi za ligi ambazo huwezi hata kutaja mji zinakochezwa.

*Niko mwaka wa pili UDOM. Sibeti kwa pupa. Naweka mechi kumi za uhakika, odi ndogo ndogo za 1.25, timu kubwa nyumbani. Karibu kila wiki inanichania mechi moja tu. Nikiipata hiyo moja nimetoka. Unanishauri nini kuhusu kuchagua mechi?*
Mwanafunzi, Dodoma

Mdogo wangu, kama unasoma chochote chenye hesabu, chukua kalamu. Kama unasoma sheria, mwazime mwenzako.

Odi 1.25 mara kumi, zikizidishwa, ni 9.31. Elfu moja yako inaahidiwa 9,310 na ushee. Inapendeza. Sasa tuiamini odi kama ilivyo, bila lumbesa: kila mechi ina asilimia 80 ya kukubali. Kumi zote zikubali kwa pamoja ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara kumi. Inatoka 0.107. Yaani mikeka 100 ya namna hiyo, itakayotiki ni kama 11.

Lakini lumbesa ipo. Tuchukue ile ya mfanyabiashara wa Kibaigwa hapo juu, ya 91.5. Uwezekano wa kweli wa kila mechi unakuwa kama asilimia 73. Kumi zote: mikeka minne katika 100. Kwa wastani elfu yako inarudi kama shilingi 411. Kwa nini? Kwa sababu lumbesa haikukatwa mara moja. Imekatwa mara kumi, kila mechi na yake, na zimezidishana kama odi zenyewe zilivyozidishana. Aliyeweka mechi moja kwa lumbesa ileile anarudishiwa wastani wa 915. Timu kubwa nyumbani mara nyingine zina lumbesa nyembamba kuliko hiyo, nakubali. Ipunguze iwe nusu, bado kumi ni kumi.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho sikukijua mpaka mwaka wa tatu dirishani, nilipokaa na kikokotoo usiku mmoja umeme umekatika. Unasema inakuchania mechi moja tu. Tafuta uwezekano wa mkeka wa mechi kumi kukosa mechi moja kamili, si mbili, si tatu. Kwa hesabu yetu hii ni mikeka kama 16 katika 100. Minne inatiki, 16 inakosa kwa mechi moja. Yaani "mechi moja tu" inakuja zaidi ya mara tatu na nusu ya ushindi wenyewe. Si kwamba uko karibu, mdogo wangu. Mkeka wa mechi kumi umeumbwa hivyo, ukose huku unahisi umekaribia. Nilipoelewa hilo nilianza kuwasikia wateja kwa sikio jingine, maana kila Jumatatu sentensi ilikuwa hiyo hiyo: "Dada, moja tu!"

Na bonasi ya mechi nyingi, ile ya ongeza mechi upate asilimia zaidi? Jiulize kwa nini hawakupi bonasi ukiweka mechi moja.

Ukiniuliza kuchagua mechi, jibu langu ni uchache wa mechi. Sijui timu.

Kashi auti nayo umeigusa kwenye barua yako, nimeifupisha. Ni kampuni kukununulia tiketi yako kabla mechi hazijaisha. Bei wanapanga wao, na ndani yake wameshona lumbesa nyingine.

Maswali mafupi

*Hendikapu ni nini?* (Kijana wa Ipagala) Ni kumpa mmoja magoli ya mkopo au kumkata kabla mpira haujaanza. Novemba 5, 2023 Simba alikuwa mwenyeji, Yanga akashinda 5–1. Aliyechukua Yanga kwa hendikapu ya kukatwa goli moja, hesabu yake ni 4–1, amepata. Aliyejitapa akachukua Yanga akatwe manne, hesabu ni 1–1, sare, kakosa. Na samahani kwa wana Msimbazi, ni mfano tu. Nimetafuta mwingine sikuupata.

*Mechi imeahirishwa, mkeka wangu umekufa?* (Muuza matunda, Soko la Ndugai) Haujafa. Mechi iliyofutwa huhesabiwa odi 1.00, inatoka kimya kimya na zilizobaki zinaendelea. Ila kila kampuni ina muda wake wa kusubiri kabla ya kuifuta, soma masharti. Yale maandishi madogo.

*Niliandikiwa kiasi fulani nikalipwa pungufu.* (Mtumishi, Mtumba) Kodi ya ushindi. Kampuni inaikata kabla ya kukulipa na kuipeleka serikalini. Kiwango kimebadilishwa zaidi ya mara moja kwenye sheria za fedha, kwa hiyo usiniulize asilimia, angalia tiketi. Wanaokibadilisha wako hapa hapa mjini, ni safari ya bodaboda tu kutoka kwako.

*Naona odi za Uingereza zimeandikwa 5000/1. Ndiyo nini?* (Mwalimu, Mpwapwa) Ni mtindo wao wa kale. Ukiweka 1 unapata faida 5000, na dau lako unarudishiwa juu yake. Kwa mtindo wetu ingeandikwa 5001.00, kwa sababu yetu inahesabu dau ndani. Hiyo 5000/1 yenyewe walipewa Leicester City kabla ya msimu wa 2015/16, na wakachukua ubingwa. Tangu hapo kila mtu ana Leicester wake mfukoni.

*Kwa nini mnasema "Muhindi kala hela"?* (Dereva, Manyoni) Ni lugha ya vijiweni, kampuni yoyote wanaiita Muhindi. Mimi sikuipenda kamwe. Miaka minne sikumwona Muhindi hata mmoja dukani kwetu. Meneja wangu alikuwa Msukuma, na hela alikuwa anazihesabu mwenyewe mara mbili.

*Kuna jamaa Telegramu anauza mechi zilizopangwa. Wiki iliyopita alinitumia mechi ya bure ikatiki. Wiki hii pia. Sasa anataka 30,000 kwa ya tatu. Nitoe?*
Fundi simu, Bahi

Usitoe. Chora duara lenye watu 900. Anawatumia 300 ujumbe kwamba ni 1, wengine 300 kwamba ni X, na 300 kwamba ni 2. Lazima 300 wamwone nabii. Hao anawagawa tena mia mia. Wiki ya pili watu 100 wameona miujiza miwili mfululizo, nawe ni mmoja wao. Wale 800 wameshablokiwa, huwezi kukutana nao ukawauliza. Watu 100 mara 30,000 ni milioni tatu, na hakupanga mechi yoyote isipokuwa orodha yake ya simu.

Na zile picha za tiketi za mamilioni anazorusha? Wewe ni fundi simu. Unajua picha inahaririwaje.

*Mume wangu anasema amewekeza. Anasema ana hela kule anairudisha. Anakesha na simu. Ada ya mtoto ya muhula huu sijaiona. Sijui hata nianzie wapi kuuliza.*
Dada wa Nkuhungu

Pole sana dada. Nitakueleza nilichokiona, maana dirishani tunaona watu kwa muda mrefu kuliko wenyewe wanavyojiona.

Ukubwa wa dau haukunitisha sana. Kilichonitisha ni kubadilika kwa mchezo. Mtu anaanza na Simba na Yanga Jumamosi. Miezi kadhaa baadaye anaweka laivu, yaani anabeti huku mpira unachezwa: kona ijayo, goli lijalo. Halafu usiku wa manane kuna tenisi ya mezani ya watu asiowajua. Halafu hakuna mchezo kabisa, ni kile kindege kinachopaa kwenye simu na kulipuka, au dubwi la sarafu pembeni ya duka. Kindege hakina timu, hakina majeruhi, hakina cha kuchambua. Ni programu inatoa namba. Akifika huko, maneno nayo yanabadilika. Hasemi tena "nimebeti," anasema "nimewekeza." Hasemi "nimeliwa," anasema "naenda kurudisha."

Hela iliyoliwa haipo kule, dada. Hakuna mahali imehifadhiwa ikimsubiri. Ililipwa mshindi mwingine, ikabaki kwa kampuni, ikaenda kodi. Anachoita kurudisha ni dau jipya lenye lumbesa mpya.

Uanzie hapa. Usimuulize usiku simu ikiwa mkononi mwake. Mwombe asubuhi mkae pamoja mchukue taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, ile mitandao inayotoa. Mpigie mstari kila iliyoenda kampuni ya kubeti kwa rangi moja, na kila iliyorudi kwa rangi nyingine, mjumlishe. Ajumlishe yeye, kwa mkono wake. Nimeona wanaume watatu wakifanya hivyo mbele ya dirisha langu, na hakuna aliyekuwa amekisia karibu na jumla halisi. Wote walikisia chini, tena kwa mbali.

Akikubali, aandikie huduma kwa wateja ya kila kampuni aliyojisajili aombe akaunti ifungwe, ahifadhi majibu yao. Kampuni yenye leseni ikimsumbua, kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ndiyo inayotoa hizo leseni. Na kwa sasa ada ipite kwako moja kwa moja hadi shuleni, isilale kwenye simu yake hata usiku mmoja. Asipokubali, mtafute mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa au shehe au mchungaji wake, mtu atakayekaa naye bila kumpigia kelele. Niandikie tena.

*Dada, sema kweli. Wewe mwenyewe unabeti?*
Kijana wa Area C

Nilipokuwa kazini wafanyakazi tulikatazwa. Wiki ya kwanza baada ya kuacha nilikwenda kwenye dirisha la wengine, nikasimama upande ambao sikuwahi kusimama. Nikasema, "Nipe moja, Dodoma Jiji, buku mbili." Odi ilikuwa 2.60.

Binti wa ndani akanitazama. "Mechi moja tu? Ongeza hata mbili dada, upate bonasi."

Sentensi hiyo nimeisema mimi mara elfu, kwa sauti hiyo hiyo, na kichwa kimeinama upande huo huo. Nikamwambia moja inatosha. Nikaenda Jamhuri kuangalia mwenyewe, kiingilio kikanigharimu kuliko dau, jua likanichoma mpaka dakika ya mwisho. Hakuna aliyefunga.

X, mama wa Chang'ombe.